"Siumwi" Si Kipimo

Ukifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, yumkini mtu wa kwanza kukupiga kikumbo atakuwa wa Kariakoo. Atakupiga, atasema "samahani mzee," naye amekwisha kufika mbele. Huko hakuna atembeaye polepole. Vijana wanasukuma mikokoteni na kupaza sauti wapishwe njia. Wengine wamebeba marobota ya nguo kichwani. Akina mama lishe wanapita na masinia ya chakula, na magari nayo yanataka njia hiyo hiyo moja. Kutoka mtaa wa Msimbazi hadi mtaa wa Kongo ni mwendo mfupi tu, lakini siku ya Jumamosi utafika umelowa jasho.

Wengi wenu mna mtoto, au mpwa, au jirani, aliyekimbilia huko kutafuta riziki. Kwa hiyo nadhani hamtachoka nikiwasimulia yaliyonipata majuzi, mimi na mzee mmoja wa Mgeta, milimani Uluguru. Jina lake nalificha, maana sikumwomba ruhusa ya kumtia gazetini. Hata hivyo aibu kubwa ya habari hii si yake. Ni yangu.

Mzee huyu alikuja mjini kununua mbegu za kabichi, kwani maduka ya mbegu na dawa za mimea yamejaa Kariakoo. Tunajuana siku nyingi, naye kila ajapo hunitafuta nimsindikize, asije akauziwa mchanga badala ya mbegu. Tulipomaliza kununua tukakata njia kuelekea Mnazi Mmoja, tupate kivuli. Tukakuta turubai, meza mbili, na wauguzi wakipima watu presha bila malipo.

Muuguzi mmoja, binti mdogo tu, akamwona mzee wangu.

"Shikamoo baba. Karibu tukupime presha. Hatutozi kitu."

"Marahaba mwanangu. Ahsante, lakini mimi siumwi."

"Hata asiyeumwa hupimwa, baba."

"Ukimpima asiyeumwa utamfanya mgonjwa," mzee akajibu, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Tena presha ni ugonjwa wa watu wa magari. Gari langu mimi ni hii miguu."

Nami nikaona kwamba hapo ndipo mahali pa kumfundisha. Si mimi niandikaye habari za afya kila mara? Nikajikohoza kidogo, nikasema, "Mzee wangu, mbona hakuna maumivu yo yote? Tazama, naanza mimi, kisha wewe." Nikakaa kitini kama mwalimu mbele ya darasa.

Binti akaniambia nitulie dakika chache, nisiongee, niweke miguu chini. Akanifunga mkanda mkononi, mashine ikavuma, ukabana, ukalegea. Akatazama. Hakusema neno. Akangoja, akapima tena. Halafu akahamia mkono wa pili.

"Baba, umewahi kuambiwa kwamba una presha?"

"Sijawahi."

"Na mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini?"

Nikatafuta mwaka, sikuupata. Akanionyesha namba: 172 kwa 106.

Kisha mzee akaketi, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Mashine ikavuma tena. Namba zake zilikuwa 128 kwa 78. Mtu wa miaka sabini na zaidi, apandaye mlima kila siku na jembe begani!

Mzee akanitazama sana. "Je, unaumwa?" akaniuliza.

"Siumwi," nikajibu. Ndipo nilipolisikia neno lake likitoka kinywani mwangu.

Ndugu msomaji, neno hilo "siumwi" ndilo nataka tulizungumze leo. Kwa sababu yapo maradhi yatoayo taarifa kabla ya kuingia, mathalani jino au jipu. Lakini yako mengine yaingiayo kimya kimya, yakakaa ndani ya nyumba miaka mingi, na siku yakijulikana yamekwisha kuvunja nguzo. Kwa maradhi ya namna hii, "siumwi" si kipimo.

Tukakaa kwenye kivuli, nikiwa na karatasi yangu mkononi. Kwa kuwa nilikuwa na aibu, nikaanza kuzungumza habari za zamani. Nikamwuliza mzee kama ajua jina la Kariakoo limetoka wapi. Hakujua, na labda wewe pia hujui.

Wakati wa vita kuu ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, Waingereza walipouteka mji huu waliweka mahali hapo kambi ya wapagazi wao. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji kwa ulimi wao wakakigeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walitolewa vijijini maelfu kwa maelfu, wakabeba risasi na unga wa askari kwa miezi mingi. Wengi mno hawakurudi kwao. Na katika hao waliokufa, walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi na uchovu.

Basi, moyo nao ni mpagazi. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, na kwa siku moja hupiga mara kama 100,000. Kijana wa mkokoteni hutua mzigo, akanywa maji, akapiga soga na wenziwe. Moyo hautui mzigo. Umeanza kazi wakati ulipokuwa tumboni mwa mama yako, na siku utakapotua ndiyo siku majirani watakapokuja na jamvi.

Sasa, damu inapopita katika mishipa, huisukuma mishipa hiyo kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo presha, au shinikizo la damu. Namba ya juu ni nguvu ya wakati moyo unaposukuma, na namba ya chini ni ya wakati moyo unapopumua kidogo kati ya pigo na pigo. Ikifika 140 kwa 90 au kupita, na ikaonekana hivyo tena siku nyingine, basi mtu huyo ana presha. Moyo wake unafanya kazi kama mtu apandishaye mkokoteni mlimani kila saa, hata wakati mwenyewe amelala usingizi. Mwisho moyo hutanuka na kuchoka. Figo huharibika. Au mshipa wa kichwani hupasuka au huziba, naye hupatwa na kiharusi.

Huko kwetu mtu akilala mzima, akaamka upande mmoja umekufa, ulimi mzito, twaanza kutafuta aliyemroga. Jirani mwenye macho mekundu huanza kutazamwa vibaya, na ndugu hawapikiani tena. Lakini mara nyingi mchawi mwenyewe alikuwa presha, iliyokaa mwilini miaka kumi, na hakuna aliyeipima.

"Basi ni ya watu wa mjini," mzee akasema tena. "Umeona namba zangu."

Namba zake nilikuwa nimeziona, lakini namba za mzee mmoja si namba za kijiji. Mwaka 1996 na 1997 watafiti walipima watu wazima mahali pawili: Ilala, mtaa ulio jirani kabisa na Kariakoo, na kijiji cha Shari huko Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Ilala walikuta zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu ana presha. Na Shari, kijijini, penye migomba na hewa safi, je? Zaidi ya mmoja katika kila wanne! Tofauti ipo, lakini si ile tuidhaniayo. Na lililo baya zaidi ni hili: katika kila watu watano wenye presha, hata mmoja hakutimia aliyejua kwamba anayo. Wanne na zaidi walikuwa wakisema "siumwi," kama nilivyokuwa nikisema mimi.

Nao vijana wetu wanaohamia mjini wana habari yao. Watafiti waliwafuata watu 209 waliotoka vijijini Morogoro wakahamia Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, wakawapima tena mjini kwa muda wa mwaka mmoja. Katika mwaka huo mmoja uzito wao uliongezeka kwa wastani wa kilo mbili na zaidi, na kazi za nguvu zilipungua sana, kwa wanaume na kwa wanawake. Nyama walikula zaidi. Tuseme kweli, matunda na mboga pia walikula zaidi, kwa hiyo mji si mbaya kwa kila jambo. Lakini mama, mwanao akirudi Noeli amenenepa, usipige vigelegele upesi. Mwulize kwanza kama amepimwa.

Yule binti muuguzi hakunipa dawa pale pale. Alisema kipimo cha siku moja hakitoshi, niende hospitali nipimwe tena, nitazamwe mkojo na damu, ndipo nianzishiwe dawa. Kisha akanipa mashauri, nami nayaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa ni mema kwa kila nyumba.

Chumvi ya siku nzima, kwa mtu mzima mmoja, isifike kijiko kidogo cha chai kilichojaa, na humo mna ile ya mboga, ya dagaa, na ya kachumbari. Chumvi isiwekwe mezani. Mafuta yapunguzwe. Tumbaku iachwe kabisa, na pombe nayo ipunguzwe. Mtu atembee hata jasho limtoke. Na akianzishiwa vidonge, avinywe kila siku, hata akijiona mzima. Asimpe jirani vidonge vyake, wala asichukue vya jirani, kwa sababu kila mtu hupimiwa dawa yake.

"Kila siku mpaka lini?" nikamwuliza.

"Baba, shamba hupaliliwa mpaka lini?"

Mzee wangu akacheka mpaka akakohoa. Akasema binti huyo lazima amelelewa na bibi.

Mpaka hapo mzee alikuwa ameshinda, nami nimeshindwa. Lakini tulipokuwa tukinywa chai, akanionyesha katika simu picha ya mjukuu wake, mtoto wa kiume wa miezi kumi na moja, mashavu kama maandazi. Nikamwuliza, kwa kuuliza tu, kama amemaliza kliniki.

"Zile za mwanzo alichomwa zote," akasema. "Ya miezi tisa mama yake alitaka kwenda, nikamwambia aache. Zahanati ni mbali, na siku ile tulikuwa tukivuna karoti. Mtoto mwenyewe mzima, hata mafua hana. Haumwi."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Alikuwa amelisikia neno lake.

Sindano ya miezi tisa, ndugu msomaji, ni ya surua na rubela, na hurudiwa mtoto afikapo miezi 18. Surua mwaijua, kwa kuwa wazee wetu walizika watoto kwa ajili yake. Lakini rubela wengi hawaijui, maana kwa mtoto ni ugonjwa mdogo: homa kidogo, vipele kidogo, siku tatu amepona. Mbona basi serikali ijisumbue kuchanja watoto kwa ajili ya ugonjwa wa siku tatu?

Sababu yake iligunduliwa mbali sana. Mwaka 1941, katika mji wa Sydney, Australia, daktari mmoja wa macho aitwaye Norman Gregg aliona jambo la ajabu. Aliletewa watoto wachanga wengi waliozaliwa na mtoto wa jicho. Akawauliza mama zao maswali, akakuta kwamba karibu wote waliugua rubela walipokuwa na mimba changa. Na wengi wa watoto wale hawakuwa na ubaya wa macho tu. Mioyo yao pia ilikuwa na kasoro.

Rubela ikimshika mama katika miezi mitatu ya kwanza, yeye atapona upesi, lakini ugonjwa humfikia mtoto wakati viungo vyake vinapoumbwa. Huenda akazaliwa haoni vizuri, au hasikii, au mshipa wa karibu na moyo, ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa, hubaki wazi. Mtoto wa namna hiyo hunyonya kidogo, akatweta, akaacha ziwa, akalia. Hanenepi. Watu husema amebemendwa, wakawagombanisha baba na mama. Kumbe mwanzo wa yote ni mtoto mwingine, mzima wa mashavu, aliyecheza na mama yule alipokuwa mjamzito, akiwa na vipele vya siku tatu.

Umeona jambo hili? Ukimchanja mwanao wa kiume, huenda moyo unaoulinda si wake. Ni wa mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa bado, wala mama yake hajajua kwamba ana mimba. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2014, chanjo ya surua na rubela ilipoanza kutolewa Tanzania, walichanjwa watoto wote, wa kike na wa kiume, kuanzia miezi tisa mpaka wasiofika miaka 15.

Na zile sindano za mwanzo, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zina kazi hiyo hiyo ndani yake. Humo mna kinga ya dondakoo. Ugonjwa huo hufunga koo la mtoto kwa utando, lakini sumu yake hushuka hadi moyoni, na mtoto aliyeokoka kwa koo anaweza kufa ghafula kwa moyo baada ya siku chache. Sisi tumeusahau ugonjwa huu kwa sababu ya chanjo. Waliopunguza kuchanja hawajausahau: mwaka 2023 ulizuka kwa nguvu nchini Nigeria, ukaua watoto wengi.

Lakini lipo koo jingine ambalo halina chanjo, nalo nataka akina mama walisikilize sana. Ni mafindofindo: koo kuvimba, kumeza kwa shida, homa, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mara nyingi hupita bila neno. Lakini koo likiwa limeshikwa na vijidudu vya namna fulani, na mtoto asipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye magoti na vifundo huvimba na kuuma, leo hapa, kesho pale. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Katika kupigana na vijidudu hivyo, mwili hupiga pia milango ya moyo wenyewe. Milango hukakamaa, haifungi wala haifunguki sawasawa. Miaka hupita. Binti huolewa, hupata mimba ya kwanza, na mpagazi yule aliyejeruhiwa utotoni anaongezewa mzigo. Ndipo binti anapoanza kutweta usiku, na miguu kuvimba, na watu wakauliza amefanywa nini.

Twafanyaje basi? Wengi hukimbilia kukata kimeo. Kukata kimeo hakuui vijidudu, bali huleta damu na kidonda, na wako watoto waliokufa kwa kukatwa. Mpeleke mtoto zahanati. Mganga akiona yafaa atampa penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Amalize dozi yote, hata koo likipoa siku ya pili. Na mtoto aliyekwisha kupatwa na homa ile ya viungo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, moyo usiumizwe tena. Sindano ya namna hii msiikose hata mara moja.

Hapo zamani, mwenye moyo mbovu alipelekwa India, kama alikuwa na bahati. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo Muhimbili, Upanga, si mbali na Kariakoo. Wanapasua mioyo ya wazee na ya watoto, nao madaktari wake hutoka kwenda mikoani kupima watu. Jambo hili ni la kushukuru. Lakini ukiketi pale asubuhi moja, ukatazama mama waliosafiri siku mbili na watoto wembamba mapajani, utaelewa kwamba sindano moja ya kliniki, au chupa moja ya dawa ya koo, ni njia fupi kuliko safari ile.

Mzee wangu akaniuliza, "Na yale yasemwayo, kwamba sindano hizi zinaharibu kizazi?"

Sikumcheka. Mtu aulizaye ana haki ya kujibiwa. Nikamwambia ahesabu watoto waliozaliwa kijijini kwake mwaka jana, na kuuliza mama zao kama walichanjwa utotoni. Karibu wote walichanjwa, na vizazi vyao hivyo hapo. Kwamba mtoto hupata homa kidogo usiku ule, au mkono huvimba, ni kweli, nayo hupita kwa siku moja mbili. Ikizidi, arudishwe kwa muuguzi.

Kisha nikamwambia habari ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, pwani ya Somalia. Alifanya kazi hospitalini, chanjo ya ndui ilikuwa mlangoni pake, lakini hakuwa amechanjwa, kwani aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi Oktoba 1977 akapanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui, awaonyeshe njia, safari ya dakika chache tu. Ugonjwa ukamshika. Alipona. Naye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha. Baadaye mtu huyu alipita nyumba kwa nyumba nchini mwake akihimiza chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi kosa lake mwenyewe. Alikufa mwaka 2013, akiwa bado katika kazi ya chanjo. Sijui mhubiri bora wa chanjo kuliko yule aliyeikosa.

Na wazee wenzangu, msidhani chanjo ni ya watoto peke yao. Ugonjwa wa korona ulipokuja, uliwashika vibaya zaidi wazee, wenye kisukari, wenye presha, na wenye maradhi ya moyo. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, Ikulu Dar es Salaam, ndipo nchi nzima ikaanza. Wengi wetu tulingoja tuone wengine watakuwaje. Moyo uliokwisha kuelemewa na presha haukupaswa kungoja.

Basi pale pale mezani mimi na mzee tukafanya mapatano. Mimi niende hospitali Jumatatu, nikianzishiwa vidonge nivinywe. Yeye ampeleke mjukuu kliniki, hata kama amechelewa miezi miwili, kwa kuwa aliyechelewa huchanjwa vile vile. Tena amchukue bibi wa nyumbani kwake akapimwe presha, maana yeye ndiye aliaye na kichwa kila jioni. Tukashikana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Zikapita wiki tatu. Jioni moja simu ikalia.

"Mwanangu, mjukuu amechanjwa. Alilia kidogo, akanyonya, akalala. Bibi yake naye tulimpeleka. Mashine ya zahanati ilikuwa mbovu siku ile, tukatembea mpaka kituo cha pili. Amekutwa nayo, nayo ni kubwa kuliko yako. Ameanza dawa, na chumvi ameificha yeye mwenyewe. Mboga zetu sasa ni kama za mgonjwa, lakini twala."

Nikamshukuru.

"Na wewe je? Vidonge?"

Ndugu msomaji, siwezi kukudanganya. Jumatatu ile nilikwenda, nikaanzishiwa, nikavinywa wiki mbili, namba zikashuka. Kisha nikajiona mzima kabisa, na siku mbili hizo sikuwa nimevigusa.

"Mbona kimya?" mzee akauliza. "Unaumwa?"

Nikaingia ndani, nikachukua maji, nikameza nikiwa na simu sikioni, ili asikie.

Nawe, mama, kadi ya kliniki ya mwanao iko wapi? Itafute leo, uisome, utazame kama kuna nafasi isiyojazwa. Nawe, baba, usimzuie mama kwenda zahanati kwa ajili ya karoti. Mkifika huko, nyosha mkono wako nao upimwe. Usiseme huumwi. Mimi nilisema.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.